Mnyama Akikukuta Juu ya Baiskeli

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Cheptiret

  Leo hatukuja kwa mambo ya hisa wala mikopo. Tumekuja kuzungumza juu ya yule anayeondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, mitungi miwili kwenye keria, taa hana, anakimbilia mahali pa kupokelea maziwa kabla hayajachacha. Huko njiani anakutana na nani?

Tunasikia wengine huko nyuma wakisema "chemosit". Sawa, tucheke kidogo. Sisi sote tuliokulia pande hizi tulitishwa na zimwi hilo ili tusitembee usiku. Hata walowezi wa kizungu waliofika Uasin Gishu mwanzoni mwa karne ya 20 waliandika kwamba wameliona, wakaliita dubu wa Nandi. Wengi waliochunguza habari hizo baadaye walifikiri kwamba huenda alikuwa fisi tu, ameonekana vibaya gizani.

Lakini wanyama kweli walikuwako, na wengi. Mashamba makubwa yalipogawanywa wakakosa pa kukaa. Wale twiga maarufu wa Lang'ata kule Nairobi, mbegu yao ilitoka kwetu: ni watoto wa twiga waliochukuliwa Soy mwaka 1974, kutoka shamba ambalo lilikuwa linagawanywa. Waliobaki ni wale wanaojua kujificha, kama fisi, mbweha na nyoka. Mbwa asiye na mwenyewe tunamhesabu pamoja nao, maana usiku hana tofauti na wa porini.

Sasa, kosa la kwanza la mwendesha baiskeli ni kukanyaga pedali kwa nguvu. Mbwa akiona kitu kinakimbia, hukifuata. Fisi vilevile. Na fisi anaweza kufikisha kilomita 60 kwa saa. Wewe na lita 40 za maziwa kwenye njia ya murram yenye mashimo, utamshinda wapi? Punguza mwendo. Shuka. Weka baiskeli katikati yako na mnyama, iwe ngao. Ongea kwa sauti nzito, piga kengele, usimgeuzie mgongo, rudi nyuma polepole. Mtungi ukimwagika, umwagike. Na wale wanaotoka buchari usiku na nyama imefungwa nyuma, jueni harufu hiyo inawaita wageni kutoka mbali.

Wengine mtasema mbona watalii hupanda baiskeli kati ya wanyama? Ni kweli. Ukifuata barabara yetu hii ya Nakuru mpaka Naivasha utafika Hell's Gate, mbuga iliyofunguliwa mwaka 1984, na pale unaruhusiwa kupita kwa baiskeli karibu na pundamilia na twiga. Lakini wanapita mchana, mahali pa wazi, na nyati akionekana hawamsogelei. Mtu wetu anapita gizani kati ya mahindi yaliyomzidi kimo. Na kwa wale wenye jamaa huko bondeni Kerio, karibu na Rimoi, ambako ndovu wako: ukiwaona njiani usijaribu kupenya. Rudi ulikotoka, hata ukichelewa.

Basi tuje kwenye jambo lililotuleta. Tumeruhusiwa kulisimulia bila jina.

Kijana mmoja wa maziwa, mwanachama wa kikundi kimojawapo, alikutana na mbweha barabarani alfajiri. Mbweha kwa kawaida akimwona mtu hutoroka. Huyu hakutoroka. Alikuja moja kwa moja, anayumba, mate yanamtoka. Kijana akakanyaga pedali, mbweha akamuuma mguuni. Kidonda kidogo tu, matundu mawili. Akafunga kitambaa, akapeleka maziwa, akarudi nyumbani akalima. Mkewe aliuliza, akajibiwa ni waya wa ua.

Siku ya tatu yule mama akajua ukweli, akaja mkutanoni kwa kikundi kuomba pesa za nauli na za sindano. Mweka hazina akafungua katiba. Akasoma, na alisoma sawasawa, kwamba mfuko wa dharura ni wa karo na wa matanga. Matibabu hayamo. Mama akasimama akauliza: "Kwa hiyo ningoje afe ndipo mnisaidie?"

Tulikuwapo siku hiyo. Hakuna aliyemjibu haraka. Sisi wenyewe ndio tuliowasaidia kuandika katiba ile, miaka mingi iliyopita, na hatukufikiria.

Walichanga papo hapo, mfukoni kwa kila mtu. Kituo cha kwanza hakikuwa na dawa siku hiyo, wakaenda Eldoret. Kijana alianza sindano, akarudi kila tarehe aliyoandikiwa mpaka akamaliza. Yuko hai, anapeleka maziwa.

Mnafahamu kwa nini tunasema yuko hai kama jambo la kushangaza? Kichaa cha mbwa si kidonda. Ugonjwa unapita kwenye mate ya mnyama, unasafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, na unaweza kuchukua wiki au miezi, hata mtu akasahau kwamba aliumwa. Dalili zikishaanza, mgonjwa anaogopa maji na kuweweseka, na hapo karibu wote hufa. Chanjo ni kabla ya hapo. Si kitu kigeni. Louis Pasteur alimchanja mtoto aliyeumwa na mbwa kule Paris mwaka 1885 na mtoto akapona.

Ukiumwa au hata kukwaruzwa tu, osha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Ni muda mrefu kuliko mnavyofikiri, tazameni saa. Msipake mafuta ya taa wala pilipili. Halafu hospitali siku hiyohiyo. Ukichelewa, nenda hata hivyo, kama huyu kijana. Mnyama mwenyewe msimguse hata akiwa amekufa. Mwiteni daktari wa mifugo. Kama ni fisi, pigeni ripoti pia KWS, kwa sababu Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 ina fidia kwa aliyejeruhiwa, ingawa msiitegemee kwa nauli ya leo.

Tusimlaumu mbweha peke yake. Karibu watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huu duniani, 99 kwa kila 100, wameumwa na mbwa. Mbwa 70 kwa kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukatika njia. Serikali yetu ilipanga mwaka 2014 kwamba uishe Kenya ifikapo 2030. Nani hapa mbwa wake amechanjwa? Inueni mikono. Tumeona. Mikono ni michache kuliko mbwa waliotubwekea tukija.

Kile kikundi kimeshabadilisha katiba. Wameongeza neno moja, "matibabu", na mweka hazina anaweza kutoa pesa za siku ya kwanza bila kungoja mkutano, saini mbili zinatosha. Makatibu, fungueni madaftari yenu muandike jambo hilo kwa mkutano wenu ujao. Andikeni pia hesabu ya mbwa, nyumba kwa nyumba, tumpelekee daktari wa mifugo ajue alete dawa kiasi gani. Siku ya chanjo ikitangazwa kila mbwa aje na kamba, aletwe na mtu mzima. Mara ya mwisho mtoto mmoja aliburutwa na mbwa wa baba yake mpaka mtaroni.