Mtaji wa Kwanza ni Daftari

(Maneno ya mmoja wa wanachama katika harambee ya mwaka, Dar es Salaam)

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu wana-Lushoto:

Nimeombwa niseme machache kuhusu mafunzo ya biashara kwa vijana wetu, kabla bahasha hazijapita. Nitaanza na aibu yangu mwenyewe.

Nilipomaliza shule, mama aliuza ndama akanipa mtaji. Nikapanda Lukozi, nikanunua karoti, nikazipakia kwenye Fuso kuja Kariakoo. Tarakimu za siku ile siwezi kuwatajia, kwa sababu sikuziandika. Lakini hesabu yake ilikuwa ya namna hii. Chukueni mfano wa gunia 20 kwa shilingi 35,000 kila moja: 700,000. Usafiri 200,000. Kupakia na kushusha 40,000. Ushuru 20,000. Jumla 960,000. Gunia mbili zimeoza njiani, 18 zimeuzwa kwa 50,000: unashika 900,000. Umepata hasara ya 60,000, na nauli yako na chakula bado hujahesabu.

Mimi nilizishika zile noti nikaona nimetajirika. Nikamnunulia mama kitenge. Kumbe kile kitenge kilitoka kwenye ndama wake mwenyewe! Safari ya tatu mtaji ukaisha. Mama hakunilaumu, ila mdogo wangu alipofika zamu yake ya kuomba mtaji, hapakuwa na ndama wa pili.

Ndugu zangu, vijana wetu si wavivu. Nendeni Soni, nendeni Mlalo, nendeni Mtae, muone wanaoamka usiku kufunga mizigo. Wanachokosa ni mambo machache yanayofundishika. Kuandika kila shilingi inayoingia na inayotoka. Kutenganisha fedha za biashara na za nyumbani. Kuuliza bei ya mjini kabla ya kuvuna. Kuandikiana na dalali anayechukua mzigo mali kauli. Kukataa lumbesa na kuuza kwa mizani, maana mkulima anayejazishwa gunia hadi lifungwe kilemba anatoa kilo nyingi bure.

Kuna pia kusindika. Msimu wa plamu matunda yanauzwa kwa ndoo barabarani, mengine yanaoza chini ya miti. Jamu inaweza kungoja mnunuzi, plamu haingoji. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973, inafundisha usindikaji na ufungashaji, na inamwelekeza mtu namna ya kufikia alama ya ubora ya TBS. Anayefika pale akiwa na daftari lake ana mahali pa kuanzia.

Halafu kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni mkopo usio na riba. Lakini kikundi kinatakiwa kiwe kimesajiliwa na kiwe na mpango wa biashara. Nani atawasaidia kuuandika, kama si sisi?

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. La kwanza ni fedha: posho ya mwalimu, madaftari, mizani ya kufundishia. La pili halina bei. Humu ndani kuna wahasibu, wenye maduka, mafundi, wafanyakazi wa benki. Mkipanda nyumbani Idi au Krismasi, toeni siku moja mkae na vijana kijijini kwenu, muwaonyeshe hesabu zenu, pamoja na pale mlipoanguka. Mimi nimejiandikisha kwenda Lukozi.

Mama bado yupo. Mwaka huu nataka nimpelekee ndama, na daftari linaloonyesha alikotoka.