Heshima Isiyofunga Mdomo

Katika sharika zetu kuna maneno ambayo yakishatamkwa, mjadala umekwisha. Muumini amesimama kwenye mkutano, ameuliza fedha za ujenzi zimefikia wapi. Hajakaa vizuri, sauti inatoka mbele: usimguse mpakwa mafuta wa Bwana! Watu wanainamisha vichwa. Aliyeuliza anakaa kimya, na kuanzia siku hiyo anajulikana usharika mzima kuwa ni mtu asiye na unyenyekevu.

Onyo hilo linatokana na Zaburi ya 105. Nakuomba leo ukipata nafasi uisome zaburi hiyo yote. Wanaolindwa pale ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo, walipokuwa wachache, wageni, wakihama toka taifa hadi taifa bila jeshi. Na wanaokemewa wasiwaguse ni wafalme. Mungu anawaonya wenye nguvu kwa ajili ya wasio na nguvu. Sisi tumelichukua onyo hilo tukampa mwenye nguvu, alitumie dhidi ya mama mjane aliyetoa elfu tano yake ya mabati na sasa anauliza mabati yako wapi.

Naomba nieleweke. Siko hapa kuwafundisha watu kudharau viongozi. Paulo aliwaandikia Warumi kwamba mamlaka imewekwa na Mungu, na Petro aliwaagiza Wakristo wamheshimu mfalme, na mfalme waliyemjua wao alikuwa Kaisari, asiyekuwa rafiki wa kanisa. Nayaamini mafundisho hayo kwa moyo wangu wote. Ninachotaka tutazame ni jinsi watu walioyaamini kwa dhati walivyoyaishi, na mtu ninayemkumbuka kwanza ni jirani yetu wa Uganda, Askofu Mkuu Janani Luwum.

Luwum alizaliwa mwaka 1922 Mucwini, nchi ya Waacholi, kaskazini mwa Uganda. Alikuwa mwalimu wa shule. Januari 1948 akaokoka katika ule uamsho uliotokea Rwanda na Uganda miaka ya 1930 ukafika Kagera, Kenya na Burundi, uamsho ambao wazee wetu wanaukumbuka kwa wimbo wa Tukutendereza. Katika ushirika ule askofu na mpishi walikaa benchi moja, wakaitana ndugu, na kila mmoja aliungama dhambi zake mbele ya wenzake. Huko ndiko Luwum alikojifunza unyenyekevu. Mwaka 1974 akawa askofu mkuu wa Waanglikana wa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire, na Idi Amin alikuwa ameshika nchi tangu Januari 1971.

Askofu huyu hakumkimbia rais wake. Alihudhuria shughuli za serikali, alizungumza naye, mpaka baadhi ya watu wakanung'unika kwamba anamkaribia mno. Lakini watu walipokamatwa, ni yeye aliyekwenda mwenyewe kwenye ofisi za wale askari wa usalama ambao kuwataja tu kulitia watu hofu. Alikwenda kuuliza mfungwa fulani yuko wapi, na kuomba aachiwe.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977, kama saa saba na nusu, askari wenye silaha walimvamia nyumbani kwake Namirembe. Walivunja uzio, wakamwelekezea bunduki, wakapekua vyumba, stoo ya chakula, hadi chini ya vitanda, wakitafuta silaha. Hawakupata kitu. Walipotaka kuondoka waliomba wafunguliwe lango. Mke wake, Mary, alisema watokee pale pale walipoingilia. Na kwa kweli, nani angemlaumu? Luwum akasema hapana, sisi ni Wakristo, mioyo yetu ni safi, tutawafungulia lango, iwe ushuhuda kwao.

Mtu angedhani baada ya hapo askofu angejifungia, aombe, anyamaze, aseme Mungu ataona. Lakini siku chache baadaye aliwaita maaskofu wenzake, wakaketi, wakaandika barua. Ina tarehe ya 10 Februari na ilielekezwa kwa rais mwenyewe. Wote waliitia sahihi zao. Walieleza uvamizi ule, wakaeleza mauaji na hofu iliyowajaa wananchi kwa sababu ya askari waliopaswa kuwalinda, na wakaomba kukutana naye ana kwa ana wazungumze. Yote haya walimweleza mwenye mamlaka kwa majina yao, bila matusi, na bila kuwatuma watu kumsema barabarani.

Tarehe 16 Februari viongozi wa dini, mawaziri, mabalozi na wanajeshi waliitwa Kampala, pale Nile Mansions. Luwum alituhumiwa kula njama dhidi ya serikali. Askari wakapiga kelele auawe. Baadaye maaskofu wengine waliambiwa warudi makwao, yeye akabakizwa, eti rais anataka kumwona. Siku iliyofuata redio ilitangaza kwamba amekufa kwa ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Sisi tunaosema nanyi kwa redio hatuna budi kulikumbuka tangazo lile. Jeneza lilipofikishwa Mucwini, watu walilifungua wakaona matundu ya risasi.

Askofu Festo Kivengere, aliyekuwa naye siku ile pale Nile Mansions, alivuka milima kwa miguu usiku na mkewe Mera kuingia Rwanda. Mwaka huohuo akatoa kitabu, na jina la kitabu hicho linasema kwamba anampenda Idi Amin. Mimi nikilisikia jina hilo bado nashtuka. Mtu aliyeuawa rafiki yake, aliyelazimika kuikimbia nchi yake, anasema hivyo na hafuti hata neno moja la yale waliyoyaandika kwenye barua.

Ukimsoma Daudi katika Samweli wa Kwanza, sura ya 24, unaona njia hiyohiyo. Sauli amekuja nyikani Engedi na watu elfu tatu kumsaka. Anaingia pangoni peke yake, asijue kwamba Daudi yumo ndani. Daudi anakata pindo la vazi lake, na hata kwa kile kitambaa moyo unamchoma, kwa sababu yule ni mfalme aliyetiwa mafuta. Mahubiri mengi huishia hapo. Lakini sura inaendelea. Daudi anatoka pangoni, anamwita mfalme, anainama mpaka chini, kisha anamsomea mashtaka yake yote, na ushahidi anao mkononi. Sauli analia, anakiri. Na Daudi hakurudi naye nyumbani kwa mfalme. Alipanda ngomeni kwake, maana kumheshimu mtu hakumlazimu kumwamini maisha yake.

Tumefika wapi sisi? Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, watoto wakiwemo, ya watu wanaoelezwa kuwa waliambiwa wafunge chakula mpaka wakutane na Yesu. Kesi zilifikishwa mahakamani na hukumu si yangu. Ila siwezi kuzungumzia utii wa Kikristo Afrika Mashariki nikapita pembeni ya makaburi yale. Utii wa namna ile hauanzii msituni. Unaanza siku mtu wa kwanza anapoambiwa kwamba kuuliza ni uasi, na wote waliomzunguka wakaitikia amina.

Na wewe unayesema afadhali mimi simnyenyekei mchungaji yeyote, nina neno kwako pia. Kundi la WhatsApp la kwaya, saa nne usiku, mchungaji anachambuliwa: gari lake, mkewe, mahubiri yake marefu. Jumapili asubuhi watu walewale wanampa mkono, Bwana asifiwe baba mchungaji, tunakuombea. Je, kuna mmoja aliyewahi kumfuata ofisini akamwambia, baba, hili limetuumiza? Waswahili husema heshima si utumwa. Maneno ya usiku kwenye simu hayamgharimu mtu kitu, na wala hayamsaidii mchungaji kutengeneza kosa lake. Luwum angeweza kunong'ona vilevile, akafa mzee kitandani.

Nimalizie kwa walio na mamlaka kanisani, wachungaji, maaskofu, mapadre, wazee wa kanisa, maana mzigo mkubwa uko kwenu. Amin alikuwa na barua mkononi. Waliomwandikia walimwita rais, waliomba mazungumzo. Angeweza kuvuta viti wakaketi. Kila mara mnapopata swali kutoka kwa muumini aliyekuja kwa adabu, mnapewa nafasi hiyohiyo.

Sharika nyingi zina mkutano mkuu wa mwaka mbele yake. Ileteni taarifa ya mapato na matumizi wiki mbili kabla, ibandikwe ukutani pale watu wanapotokea ibadani, ili hata asiyejua kusoma asomewe na mwanawe. Siku ya mkutano, yule mama wa elfu tano akisimama, mpeni kipaza sauti.