Uwanja ni wa Wote

Leo tuzungumze habari za michezo.

Jioni wengi wetu huenda uwanjani. Je, jirani yetu asiyeona, au yule asiyeweza kutembea, yuko wapi? Mara nyingi tumemwacha ndani. Mwili usiochezeshwa hudhoofika, na moyo nao husononeka.

Mwaka 1948, huko Uingereza, Daktari Ludwig Guttmann alikuwa akitibu askari walioumia uti wa mgongo. Akawatoa nje washindane kulenga shabaha kwa upinde, wamekaa kwenye viti vya magurudumu. Walikuwa 16 tu. Hapo ndipo ilipochipukia Michezo ya Paralimpiki, iliyofanyika mara ya kwanza Roma mwaka 1960.

Basi na sisi tuanze. Tufukie mashimo katika njia ya uwanjani. Tushone njuga kwenye mpira wa matambara, asiyeona aufuate kwa sauti. Asiyeweza kusimama alenge shabaha akiwa amekaa. Tena tumwulize mwenyewe anapenda mchezo gani.

Hii si sadaka, jamani. Ni haki yake, imo katika Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009.

Kesho tukienda uwanjani, tumpitie kwanza jirani.