Takrima na Amana ya Kura

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, tumcheni Mwenyezi Mungu, na tujue kwamba kura ni amana na ni ushahidi. Anayempigia mtu kura ameshuhudia kwamba huyo anafaa kukabidhiwa mambo ya watu. Na ushahidi hauuzwi.

Katika nchi yetu ya Tanzania, mwaka 2000, sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura. Neno hili ni zuri, kwani mgeni hukirimiwa wala hadaiwi malipo. Lakini chini ya jina hilo zilipita khanga, sukari, pilau na bahasha. Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliibatilisha ruhusa hiyo, kwa kuwa ilimbagua mgombea maskini mbele ya tajiri. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi, kuweka mipaka ya matumizi.

Mizani ya jambo hili tulikuwa nayo tangu zamani. Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu kukusanya zaka. Aliporudi aliitenga mali mafungu mawili: hili la Waislamu, na hili amepewa zawadi yeye. Mtume akapanda mimbari, akauliza kama zawadi hiyo ingemfuata mtu huyo lau angekaa nyumbani kwa wazazi wake. Basi nasi tuulize: mgombea asingetaka kura, khanga hii ingetufikia? Kama isingefika, hiyo si takrima, ni bei.

Na bei yenyewe tuihesabu. Anayepokea shilingi 5,000 kwa muhula wa miaka 5 ameiuza sauti yake kwa chini ya shilingi 3 kwa siku. Naye mnunuzi atautafuta mtaji wake katika dawa za zahanati na madawati ya watoto wetu.

Wapo wasemao: tule chake, kura tumpe tumtakaye. Kauli hii haitoshi, enyi ndugu. Fedha haingoji sanduku la kura. Huanza kazi pale vyama vinapoteua wagombea. Mwema asiye na mali huangushwa mapema, na siku ya kura tunachagua miongoni mwa waliokwisha kuchaguliwa na fedha.

Hatusahau kwamba njaa ni mtihani mkubwa. Kwa hiyo tumlishe maskini mwaka mzima, kwa zaka na sadaka, asije akamsubiri mgombea. Na mkeka unaoletwa msikitini kwa ajili ya kura, tuurudishe kwa adabu.

Ewe Mola wetu, tuwezeshe kuzifikisha amana kwa wanaozistahiki, na utukinge na chumo la haramu. Amin.