"Mbwa Huyo Haumi!"

Nimeitwa hapa kama afisa mifugo, na najua mkisikia afisa mifugo mnafikiria ng'ombe, kupe na majosho. Leo ng'ombe wapumzike. Nimekuja kuongea na wewe kijana wa sekondari ambaye kila ukitaka kutoka nyumbani, mama anaita kutoka jikoni: "Nenda na mdogo wako!" Basi unakwenda naye. Dukani, kisimani, mashineni. Mara umemshika mkono, mara humshiki, amebaki nyuma huko anaokota vijiti na wewe umeshafika kona.

Huyo aliyebaki nyuma ndiye habari yetu ya leo. Yeye na mbwa wa watu.

Nitaanza na kisa changu mwenyewe. Mwaka 1994 nilikuwa kidato cha pili, kijijini kwetu mkoani Mara. Ilikuwa likizo. Mama alinituma mashineni kusaga mahindi, nikaenda na mdogo wangu wa miaka sita. Foleni ilikuwa ndefu, na pale nikakuta wenzangu. Mnajua mambo ya vijana. Kombe la Dunia lilikuwa linachezwa Marekani, Nigeria wameingia kwa mara ya kwanza, kila mtu anajifanya mtangazaji. Nikasahau kabisa kwamba nimekuja na mtoto.

Chini ya mwembe alikuwa amelala mbwa wa rangi ya udongo. Sikuwahi kumwona kabla ya siku ile. Nyumbani tulikuwa na mbwa wetu mpole sana, mdogo wangu alikuwa anamlalia kama mto. Kwake yeye mbwa ni mbwa. Akamfuata yule huku amenyoosha mkono amshike kichwani. Mimi nilimwona. Nisikilizeni hapo: nilimwona, niko hatua kumi hivi. Nikafungua mdomo nimwite, lakini mzee mmoja aliyekaa kwenye gunia akasema, "Mwache mtoto acheze, mbwa huyo haumi." Nikarudi kwenye mpira wangu.

Mbwa hakubweka. Alimng'ata mara moja kwenye kiganja, akainuka, akaenda zake polepole kama mtu aliyesumbuliwa usingizini. Na yule mzee? Ilikuja kujulikana baadaye kwamba hakuwa hata mwenye mbwa. Alikuwa anasema tu.

Vidonda vilikuwa viwili, vidogo, kama vya mwiba. Nikavifuta kwa shati langu. Nikamnunulia mdogo wangu maandazi mawili, nikamwambia: "Ukimwambia mama, utachomwa sindano ishirini na moja za tumboni." Akanyamaza. Mtoto wa miaka sita akaitunza siri yangu siku nne, jamani. Mimi simwogopi mbwa, namwogopa mama.

Siku ya tano jioni, bibi akatuambia kuna mbwa mwekundu kauawa njia ya mtoni. Anatoka mate, anayumba, kaumiza mbuzi wawili wa jirani. Tonge la ugali likanikwama. Nikamwambia bibi kila kitu palepale, mbele ya baba. Sikupigwa. Baba aliinuka tu, akamweka mtoto kwenye baiskeli usiku uleule. Zahanati ya kwanza haikuwa na chanjo. Kesho yake wakapanda basi kwenda hospitali nyingine, na mtamba mmoja akauzwa ili safari na matibabu vilipike. Sindano zenyewe alichomwa begani. Hakuna cha tumboni wala ishirini na moja.

Mdogo wangu yuko hai, ana watoto wake, na kovu lake ni dogo kiasi kwamba huwezi kuliona usipoonyeshwa. Lakini zile siku nne na ushei ni zangu mimi. Siwezi kumpa mbwa, wala yule mzee wa kwenye gunia.

Sasa kwa nini siku nne ni jambo kubwa? Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa virusi. Virusi vinakaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Akikung'ata, au akilamba mahali penye mchubuko, vinaingia, kisha vinasafiri taratibu kwenye mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, lakini inaweza kuwa wiki moja, na inaweza kufika mwaka. Wakati wote huo mtu anacheza, anakula, anakwenda shule, kidonda kimekwisha pona. Chanjo inawahi kuzuia njiani. Dalili zikishaanza, yaani kidonda kuwasha na kuchoma ovyo, homa, kuogopa maji, kuweweseka, mgonjwa karibu wote hufa, hata awe kwenye hospitali kubwa namna gani. Ndiyo maana nasema hakuna kuchelewa kiasi cha kukata tamaa kabla dalili hazijaanza. Hata kama zimepita siku nne, hata mwezi, nenda.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu kama 59,000 kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na kwamba mbwa ndio wanaowaambukiza watu karibu mara zote. Kati ya kila watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaodhaniwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Umeona? Ni wale wa kushikwa mkono.

Nimekaa kwenye mabaraza mengi ya kijiji kuhusu mtoto aliyeumwa, na maneno ni yaleyale. Mwenye mbwa anasema, "Mtoto ndiye aliyemfuata mbwa wangu, angemwacha." Mama wa mtoto anasema, "Mbwa wako ndiye anayezurura." Watu wanagawanyika, wengine wanacheka. Mimi maoni yangu ni haya. Mwenye mbwa ana mzigo mkubwa: kumfuga mbwa ni kumchanja kila inapotakiwa, na kama anajua mbwa wake ni mkali, amfunge mchana. Neno "haumi" lisimtoke mdomoni kirahisi. Mbwa haumi wewe unayempa ugali kila jioni! Mtoto mgeni anayemwinamia usoni ni habari nyingine kabisa.

Mtoto wa miaka mitano, huyo simtwiki kosa lolote. Hajui. Akiona manyoya anataka kushika, akiona mkia unatikisika anadhani ni furaha. Nani basi ajue kwa niaba yake? Mara nyingi mama yuko shambani, baba yuko kazini. Uliyepo ni wewe. Miaka yako kumi na mitano, kumi na sita, pale barabarani ndiyo utu uzima wote anaoutegemea yule mtoto. Huo ndio ukweli, hata kama hukuomba kwenda naye.

Haya, mfanyeje? Kwanza, mbwa usiyemjua hashikwi. Mwisho. Na hasa anayekula, aliyelala, aliyefungwa, na jike mwenye watoto. Vile vitoto vya mbwa vizuri vya kubeba navyo huweza kuwa na kichaa, halafu mama yao yuko nyuma ya ukuta anakutazama. Kama mwenye mbwa yupo, na ni mwenyewe kweli, siyo mzee wa kwenye gunia, muulize. Akikubali, mbwa ndiye aje kwa mtoto, amnuse kwanza, na mtoto amguse ubavuni au shingoni, siyo kumshukia utosini kwa mkono kama anampiga. Mbwa akigeuza uso, acheni. Amekataa.

Mkia nao unadanganya watu. Mbwa mwenye furaha hutikisa mkia na mwili mzima ukiwa laini, unapinda. Lakini mbwa aliyekakamaa, mkia umesimama juu unatikisika kidogokidogo, masikio yamekaza, anakukodolea macho, huyo anakuonya. Anayelamba midomo bila chakula na kupiga miayo bila usingizi ana wasiwasi. Mfundishe mdogo wako hayo mkiwa mmekaa nyumbani, kama mchezo. Njiani hutapata muda.

Akiwafuata, msikimbie. Najua, najua. Miguu yenyewe inataka! Lakini ukikimbia unamwita. Simama kama mti: miguu pamoja, mikono umeikunja kifuani, macho yatazame chini, kimya. Mtoto mweke nyuma yako. Kumbeba juu kwa ghafla huku anapiga kelele kunamfanya mbwa aruke. Mbwa wengi hunusa, wanachoka, wanaondoka, nanyi mnarudi nyuma polepole. Mkiangushwa, jikunje kama mpira, mikono ifunike shingo na masikio.

Na mawe je? Kuna vijana hapa nawaona wanatabasamu. Ninyi ndio mnaowarushia mbwa mawe mkitoka shule, halafu mnapita. Anayekuja nyuma yenu ni mtoto wa chekechea, na mbwa ameshaudhika. Hilo nalo ni jukumu, tena la kwenu.

Jambo jingine ambalo watu hawalijui: kichaa siyo lazima kelele na kukimbiza watu. Mbwa wengine wanapooza. Taya linalegea, mate yanadondoka, sauti inabadilika, anaonekana kama amekwamwa na mfupa. Mtu mwenye huruma anatia mkono mdomoni amsaidie. Usithubutu! Vivyo hivyo bweha au nguchiro anayekuja mpaka uani bila woga. Mnyama wa porini aliyekuwa mpole ghafla si mpole, ni mgonjwa.

Akishang'ata, hapo ndipo nataka uwe na kasi kuliko nilivyokuwa mimi. Maji yanayotiririka na sabuni, robo saa nzima. Siyo kusuuza! Dakika 15 kwa saa. Kama hakuna bomba, mmoja anamimina maji toka kwenye dumu, mwingine anaosha. Sabuni yoyote, hata ya mche ya kufulia. Ukiwa na dawa ya aidini, paka baadaye. Usitie pilipili, mafuta ya taa, majivu wala majani, na usikifunge kidonda kwa kukikaza. Halafu kituo cha afya siku ileile. Chanjo huchomwa kwa awamu, siku kadhaa zilizopangwa, na usikatishe kwa sababu mtoto anaonekana mzima. Kidonda kikiwa kirefu au kipo usoni, mganga ataangalia kama inahitajika na dawa nyingine ya kinga ya kuchoma palepale kwenye jeraha.

Mbwa mwenyewe msikimbilie kumuua, kama mwenye naye anaweza kumfungia bila hatari. Sisi humwangalia siku 10. Akizimaliza akiwa mzima, mate yake hayakuwa na virusi siku aliyong'ata. Akifa au akitoweka, chukulieni kuwa alikuwa na kichaa. Lakini msingoje siku hizo 10 ndipo mtoto aanze chanjo.

Na mtoto akija kwako analia, au amenyamaza kuliko kawaida na anaficha mkono, usianze na "Nilikukataza!" Anza na maji. Ukimgombeza leo, kesho atakuficha. Najua mtoto mmoja aliyenyamazishwa kwa maandazi mawili tu.

Mtaniuliza kama ugonjwa huu unaweza kwisha. Kisiwani Pemba walichanja mbwa mwaka hadi mwaka, na mwaka 2014 kichaa kikatoweka. Mwaka 2016 kikarudi, kikitoka nje ya kisiwa. Wakachanja tena, na kufika 2018 kikafutwa. Kinachotakiwa ni kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100, na kurudia. Binadamu hatuhitaji miujiza hapo.

Na hapo ndipo ninyi mnaingia tena, maana siku ya chanjo ya mbwa watu wazima hawaji. Tukitangaza, wanaotuletea mbwa ni watoto, na kamba za katani, na mbwa wasiojuana wamejaa chini ya mti mmoja! Kila mwaka nachanja na moyo juu. Kwa hiyo mbwa wenu mleteni ninyi wakubwa. Kamba iwe fupi, mbwa na mbwa waachane hatua tano, na mdogo wako abaki nyumbani, au asimame upande wangu wa meza ambako namwona. Cheti cha chanjo ukipewa kitunze, siku moja kitaulizwa.

Naona mkono kule nyuma. Eh? Paka? Ndiyo, na paka pia. Mlete, lakini ndani ya kikapu chenye kifuniko, maana paka hafungiki kamba.