Dawa ya Mzio Isiyokulaza Kazini

Msikilizaji, chafya zikifululiza na macho yakiwasha, wengi wetu hukimbilia Piriton. Inasaidia, lakini huingia hadi kwenye ubongo na kuleta usingizi. Dereva wa bodaboda aliyeimeza asubuhi yuko hatarini, na abiria wake pia.

Setirizini na loratadini ni dawa za mzio za kizazi cha pili. Haziingii sana kwenye ubongo. Mtu mzima humeza kidonge kimoja cha miligramu 10, mara moja kwa siku, basi. Muwasho ukizidi, usijiongezee cha pili. Setirizini bado huwalegeza baadhi ya watu, kwa hiyo ianze jioni ujue inavyokuchukua, na pombe iache. Mwenye ugonjwa wa figo amwambie mfamasia kabla ya kununua, maana dozi yake huenda ikapunguzwa. Mtoto hupewa dawa ya maji kulingana na umri wake, kwa kipimo kilichomo kwenye boksi, si kwa kijiko cha jikoni.

Ila ulimi au koo likivimba, au pumzi ikibana, mathalani baada ya kuumwa na nyuki, usisubiri kidonge. Hapo inahitajika sindano ya adrenalini. Kimbia hospitali saa hiyo hiyo.