Kabla ya Kutia Mkono, Tuonyesheni Karatasi

Maneno yaliyosemwa na karani mmoja wa mgodi mbele ya wafanyakazi na wenyeji wa Komini ya Lubumbashi



Mimi si mwanasiasa wala si wakili. Mimi ni karani. Kazi yangu ni kuandika majina ya watu, namba zao, siku walizofanya kazi na siku walizougua. Mapadri walinifundisha kuandika vizuri na kutunza siri ya ofisi. Leo nataka tuzungumze juu ya siri hiyo ya ofisi.

Miaka michache iliyopita, katika kampuni moja nisiyoitaja jina, mkubwa wangu alinipa orodha niipange kwa alfabeti. Majina yalikuwa mengi, na juu ya karatasi hapakuandikwa neno lolote. Nilipofika herufi ya K nikaona jina la jirani yangu, nikaelewa. Siku ileile mchana redio moja ilitangaza kwamba hakuna mfanyakazi hata mmoja atakayeondolewa, na kwamba wanaosema hivyo ni waongo wanaotafuta fujo. Jioni jirani akaja kwangu, akakaa, akaniuliza: “Karani, mdogo wangu, wewe unakaa karibu na wakubwa. Ile habari ni ya kweli?” Nikamjibu: “Yaya, si umesikia redio?” Baada ya wiki mbili akapewa barua yake. Tangu siku ile haniamini mimi, wala haiamini redio ile. Je, amekosa wapi?

Wakubwa hupenda kusema kwamba watu wa Lubumbashi hawasikilizi habari za kweli, wanasikiliza redio trottoir tu, maneno ya njiani na ya mlangoni kwa mama muuza unga. Sikatai. Lakini nauliza: nani aliyetufundisha hivyo?

Tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waliogoma kwa ajili ya mshahara walipigwa risasi katika uwanja wa mpira, gavana Amour Maron akiwapo, na Léonard Mpoyi, msemaji wao, akafa hapo. Hata leo hesabu ya waliokufa haikubaliwi na wote. Kisha tazameni mwaka 1961. Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliuawa usiku wa tarehe 17 Januari, si mbali na mji huu. Tarehe 10 Februari serikali ya Katanga ikatangaza kwamba wafungwa wametoroka. Tarehe 13 Februari waziri Godefroid Munongo akawaambia waandishi wa habari kwamba wameuawa na wanakijiji, na jina la kijiji akakataa kulisema. Karibu mwezi mzima watu walikuwa wamekwisha kufa, na redio inasema wamo mbioni! Jino la Lumumba lilirudishwa kwa watoto wake na Ubelgiji mwezi wa Juni 2022, miaka 61 baadaye. Mtoto aliyelelewa na wazee waliosikia tangazo kama lile, atajifunza kuamini matangazo kwa nani?

Sasa nije kwenye jambo lililoingia katika nyumba nyingi za mji wetu. Wazee waliopo hapa wanalijua kuliko mimi. Mwaka ule nilikuwa mtoto wa shule.

Gécamines mwaka 1986 ilitoa tani zaidi ya 470,000 za shaba. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, halafu yakafuata uporaji na fujo, na kufika katikati ya miaka ya 1990 shaba ya mwaka mzima ilikuwa chini ya tani 40,000. Mishahara ikakaa miezi na miezi bila kulipwa. Mtu alikwenda kazini asubuhi kwa sababu alizoea kwenda, na mke wake ndiye aliyelisha nyumba kwa kuuza makala na mihogo. Basi mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, ikaja ile operesheni iliyoitwa Départs Volontaires, yaani kuondoka kwa hiari. Watu 10,655 wakaondoka. Kwa hiari! Mtu mwenye njaa ya miaka miwili au mitatu ukimwekea dola mezani na karatasi ya kutia mkono, utaiita hiari? Mpaka leo wazee hao wanaitwa mtaani kwa jina hilo la Kifaransa, kama jina la ukoo.

Mimi ni mtu wa hesabu, basi tuhesabu. Fedha zilizotolewa zilikuwa kadiri ya dola milioni 43. Ukizigawa sawasawa kwa watu 10,655, kila mmoja anapata dola 4,000 na kidogo. Waliolengwa walikuwa hasa wazee wa kazi, wenye miaka 25 na kuzidi. Maana yake ni dola 160 kwa kila mwaka wa maisha yao ndani ya vumbi na moshi. Hesabu yenyewe haikufanywa kwa kufuata mapatano ya kazi waliyoyajua. Ilifanywa kwa kanuni ya wataalamu. Wengi walitia mkono kwanza, wakaelewa baadaye. Wakaunda umoja wao, wakadai dekonti ya mwisho iliyo ya haki, na mwaka 2009 malalamiko yao yakafika mpaka kwenye Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia. Wengine wamekufa wakiwa na faili chini ya kitanda.

Lakini sikilizeni upande wa pili. Miaka ileile ambayo mfanyakazi alikuwa anatia mkono mbele ya meza, watu wote wakimwona, kulikuwa na karatasi nyingine zinatiwa mkono mahali pengine: mikataba ya kugawa migodi. Bunge la mpito likaunda tume ya kuchunguza mikataba ya wakati wa vita, mkubwa wake akiwa Christophe Lutundula. Ripoti ilimalizika mwezi wa Juni 2005. Ilishauri mikataba mingi ifanywe upya au ifutwe. Basi ikakaa. Wabunge wenyewe waligawiwa mwanzoni mwa 2006, na wakati huo ilikuwa imekwisha kutembea mikononi mwa watu. Unaona? Habari ya kweli ilipita katika njia ya uvumi, kwa sababu njia yake ilifungwa.

Tusiwe wasemaji wa uongo kama wale tunaowalaumu. Mambo yamesogea. Amri ya serikali ya tarehe 20 Mei 2011 inataka kila mkataba wa mali ya nchi utangazwe katika siku 60. Mwaka uliofuata Shirika la Fedha la Kimataifa lilikatisha mpango wake na nchi yetu, kwa sababu mauzo ya hisa za Gécamines katika Comide hayakuwekwa wazi jinsi ilivyotakiwa. Leo mikataba mingi inaweza kusomwa. Ila imeandikwa kwa Kifaransa cha mawakili, kurasa baada ya kurasa. Mimi nimesoma sekondari kwa mapadri, na bado ukurasa mmoja hunichukua jioni nzima na kamusi pembeni. Mchimbaji aliyetoka zamu ya usiku ausome saa ngapi?

Na wenye magazeti na redio? Wote tunaijua ile bahasha inayoitwa kupaje, ambayo mwandishi hupewa na aliyemwita kwenye mkutano. Siwatukani. Wengi wao hawana mshahara, wana watoto kama sisi. Lakini aliyelipia habari ndiye anayeiandika. Na asiyetaka kuimba wimbo huo ana hatari zake: Januari 2016 hapa kwetu televisheni ya Nyota, mali ya Moïse Katumbi, ilifungwa. Wakubwa walisema ni mambo ya kodi. Ilifunguliwa tena mwaka 2019. Je, kodi ilingoja wakati mwenye televisheni ameachana na serikali?

Sisi wenyewe pia tuna kosa letu. Mwaka 2025 serikali iliposimamisha mauzo ya kobalti nje ya nchi, mtaani kwetu orodha ya majina ilipita katika simu, eti ndio watakaofukuzwa. Mtu mmoja akaona jina lake, akauza pikipiki kwa bei ya hasara ili apate fedha ya kuanzia. Orodha ilikuwa ya uongo. Aliyeituma hajulikani, na sisi tulioisambaza tulikuwa mamia. Nikamwuliza yule mtu kwa nini hakuuliza ofisini kwanza. Alinitazama tu.

Sasa nawaambieni nilichokigundua kwa kuchelewa. Sheria ya kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema mwajiri anayetaka kupunguza watu kwa sababu za uchumi lazima awaarifu wajumbe wa wafanyakazi mapema, kwa maandishi, ili watoe mawazo yao. Kwa maandishi! Kumbe ile orodha niliyoificha kama siri ya maungamo, wajumbe wetu walipaswa kuarifiwa habari yake. Mimi nilidhani natunza adabu ya ofisi.

Kwa hiyo ninachoomba si kitu kikubwa. Kampuni ikitaka kupunguza watu, ibandike mlangoni, kwa Kiswahili, ni wangapi, ni kwa nini, na dekonti itahesabiwaje. Sendika isikubali mkutano wa faragha juu ya jambo hilo. Redio ikija kutangaza kwamba mambo ni mazuri, tuiulize nani amewaambia, na karatasi iko wapi. Na asipewe mtu kalamu siku moja na karatasi. Apewe karatasi, aende nayo nyumbani, asome na mtoto wake aliyesoma, kisha arudi.

Jirani yangu yupo hapa, amekaa kule nyuma karibu na mlango. Yaya, jioni ile ulipokuja nilikuwa najua. Jina lako nililipanga kwa mkono wangu, kati ya watu wawili wengine wa herufi ya K. Nimekuja kulisema mbele ya watu.

Ile sheria ninayo katika mfuko huu, na sehemu inayotuhusu nimeiandika kwa Kiswahili. Nakala ni ishirini tu. Wajumbe wachukue kwanza, na wengine wabaki, tutaisoma pamoja kwa sauti.